Tansiyo ya Kumi na Mbili Haikuwa Yako, Yaya

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Walisema umekufa kwa sumu. Naanza hapo, maana ukilisikia kwa mtu mwingine utakasirika, na ukikasirika damu yako hupanda, na katika jamaa nzima tulikuwa wawili tu tuliojua inapanda mpaka wapi: mimi mdogo wako Kambale, na Zaina, mke wa mwanao. Na ni huyohuyo Zaina waliyemsingizia.

Tulikuzika hapa Butembo. Nisamehe. Najua ulitaka kulala juu kule Kipese, kwenye ukungu wako na viazi vyako, kando ya mume wako. Lakini siku ile njia ya kupanda ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, na maiti haingojei majenerali wapatane. Mwanao hakuwepo. Lori lake bado limekwama upande wa pili wa vita na hatujui kama amepata habari. Padri alisema Mungu amependa. Nilimtazama mpaka akafunga kitabu chake. Mungu alipenda lini dispansari ya Kipese iporwe mpaka vitasa vya milango? Alipenda lini mwanamke mwenye utumbo uliojisokota abebwe siku mbili kwenye kipoyi, miti miwili na blanketi, akitapika njia nzima? Namheshimu padri. Lakini nimechoka na watu wanaomtwika Mungu kazi ya mikono ya watu.

Na mikono ya watu, yaya, ni pamoja na yangu. Nitafika hapo. Nimezoea kuandika nikianza na wakubwa. Leo niache niende polepole.

Unakumbuka siku ya kwanza walipokupima? Ulikuwa umeshuka na magunia yako ya viazi, askari wakapiga risasi hewani sokoni, watu wakakimbia juu ya nyanya na mikungu ya ndizi. Nilikuingiza katika kituo cha afya kilichokuwa karibu, unahema. Muuguzi akakufunga ule mpira mkononi, akabonyeza, akasema tansiyo, ile presha ya damu, ni ishirini na moja, na ya mtu mwenye afya huwa kumi na mbili. Wewe ukamwambia: "Hiyo haiko yangu. Hiyo ni ya ule askari ku mulango, muende mumupimie yeye." Hata muuguzi alicheka. Na hukukosea. Hofu inapandisha damu, mbio zinapandisha, maumivu yanapandisha. Mwili unakaza mishipa kama mtu anayekaza mshipi kabla ya kupigana. Kwa hiyo wakatuambia turudi asubuhi tatu mfululizo, ukae umetulia, bila mzigo, bila askari. Ikawa kumi na nane kwa kumi na moja. Asubuhi zote tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa yako.

Ukaniapisha nisimwambie mtu. Kule Kipese, ulisema, tansiyo ni ugonjwa wa wafanyabiashara wenye malori na wanaume wenye nyumba mbili. "Mulimaji wa viazi atatoa tansiyo wapi? Batasema niko na kintu nimeficha." Nilibisha, maana mimi hubisha hata jua likichomoza. Nilikueleza habari za moyo na mishipa nilizosoma. Ukaniacha nimalize, ukasema: "Sawa. Sasa apa." Nikaapa.

Nilikutafutia vidonge vile vidogo vyeupe, na mimi mwenyewe nilimfundisha Zaina kukupa. Nilimwambia usiruke hata siku moja, hata mvua ya mawe ikinyesha, hata vita ikiingia jikoni. Binti yule akashika neno langu kama amri ya kumi na moja.

Basi mlipofika kwangu Vulamba asubuhi ile, macho yako yameingia ndani, midomo imepasuka, siku ya tatu bila tone la maji kukaa tumboni, Zaina alifanya nini kabla ya kutua kifurushi chake? Alitoa kidonge, akakiweka kwenye kijiko cha uji, akakulisha. Mbele ya wake za ndugu zetu. Wote walimwona. Hakuna aliyeuliza.

Hospitali. Sasa tumefika.

Unajua desturi yetu. Mgonjwa hasemi. Mgonjwa amelala, na yule anayemwangalia, gadi-malade, ndiye anayejibu. Na katika jamaa yetu, akihitajika mtu wa kusema, mbele ya chifu, mbele ya kamanda, mbele ya daktari, wananisukuma mimi mbele. "Kambale ndiye mwenye mudomo." Nimejivunia neno hilo miaka yote. Nimeandika makaratasi juu ya waongo wa nchi hii, nimeyabandika ukutani sokoni, nimepigwa kwa ajili ya hayo mara mbili. Na ulipokuwa juu ya meza ile, muuguzi wa dawa ya usingizi akafunga mpira mkononi mwako, akasema: "Kumi na mbili kwa saba. Muzuri." Kisha akanigeukia: "Iko na tansiyo?"

Nikasema: "Hapana. Hana."

Ulivuta shati langu. Nilihisi vidole vyako, vilikuwa baridi. Ukasema, kwa sauti ya mtu anayeongea chini ya blanketi: "Kambale, ile yangu inakuwaka..." Na mimi nikakukatiza. Nikakwambia: "Yaya, nyamaza, acha mi niseme."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyokwambia. Nyamaza.

Si kiapo kilichonizuia, usijidanganye kwa ajili yangu. Kiapo ningekivunja. Mwaka jana jirani yangu alimleta baba yake kupasuliwa, akasema ukweli, kwamba mzee ana tansiyo, wakamwambia ngojeni wiki ishuke. Katika wiki hiyo vita ikaingia mjini, hospitali ikakimbiwa, mzee akafa nyumbani akishika tumbo. Tangu hapo mtaa mzima wa Vulamba ulijifunza hekima hii ya kijinga: ukipeleka mgonjwa wako kupasuliwa, usitaje tansiyo, watamrudisha. Tunaambiana kisimani. Tunaambiana baada ya misa. Na mimi, mwalimu, msomaji wa vitabu, ninayewacheka watu wanaoogopa bundi, nilimeza hekima hiyo nzimanzima. Tena nilikuwa na furaha! Niliposikia kumi na mbili nilidhani vidonge vyangu vimekuponya.

Walikuchoma sindano ya ganzi ya mgongo. Nilikuwa nje, mlango haufungiki vizuri. Nilimsikia muuguzi akiita namba. Tisa. Halafu saba. Akaita serumu, yale maji ya mshipani, kwa sauti kubwa, akaita tena. Halafu akaacha kuita namba.

Kisu hakikukugusa.

Kesho yake, kabla hata ya kukuzika, nilikwenda kumpigia kelele. Nilimkuta uani akifua aproni yake mwenyewe, na nikamwaga yote niliyonayo, kwa Kiswahili, kwa Kinande, kwa Kifaransa cha tusi. Nilimwita muuaji mbele ya wagonjwa. Alikausha mikono, akaingia ndani, akarudi na ule mpira. "Mwalimu, leta mukono." Kwa hasira nikaunyoosha, kama mtu anayemwonyesha askari kuwa haogopi. Akapima. "Kumi na tisa." Akavuta kiti. "Kaa. Usiseme kintu." Nilikaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupigwa. Baada ya muda akapima tena. "Kumi na tatu. Njo yako hii. Ile ingine ilikuwa ya kelele." Kisha akaniuliza, taratibu: "Dada yako, ya yeye ilikuwaka ngapi?"

Yaya, niliangalia povu kwenye beseni lake. Nikamwambia kumi na nane.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Kumi na mbili, alisema, haiko kiatu ya kila mguu. Mtu aliyezoea kumi na nane akionekana na kumi na mbili, huyo ameanguka, hajapona. Siku tatu za kutapika zilikuwa zimenyonya maji ya mwili wako. Damu iliyobaki ilikuwa kidogo, na mishipa yako ilikuwa ikiibana kwa nguvu zote ili ifike kichwani na kwenye moyo. "Mutu mwenye maumivu vile, mwenye kuogopa vile, tansiyo yake ingepashwa kupanda juu sana. Yeye, na maumivu yote, alikuwa kumi na mbili. Njo alama. Mi nilikosa kuiona, sababu we ulinidanganya." Sindano ya mgongo hulegeza mishipa. Damu ni ileile, lakini mahali pa kuiweka pamekuwa pakubwa. "Maji ya kopo, ukiyamwanga mu beseni, inaloanisha tu chini." Hata kidonge cha asubuhi, katika mwili mkavu namna ile, kilikuwa kinavuta kwenda chini. Mwili wako ulikuwa umening'inia kwa mikono miwili, na sisi wawili, yeye na mimi, tukaufungua vidole kimoja kimoja.

"Kama ningejua," akasema, "ningetia serumu tatu mbele. Ningengoja. Ningechagua dawa ingine, kidogokidogo."

Nikamuuliza: "Ulikuwa nazo tatu?"

Akaangalia pembeni. Alikuwa na moja. Na dawa ya kupandisha tansiyo inapoanguka, ile ambayo kila chumba cha kupasulia duniani kinayo karibu na mkono, hakuwa nayo kabisa. Sanduku zima lilikuwa Mavivi, kwenye depo ya kiwanja cha ndege, likingoja sahihi ya kamanda, na kamanda alikuwa amekwenda arusini.

Hapo nilipata tena sauti yangu, yaya. Mavivi! Ndege zinatua pale kila siku ya Mungu. Zinaleta masanduku ya risasi, na masanduku ya risasi hayangoji sahihi ya mtu. Zinaondoka na mbao zetu na dhahabu yetu, na mbao hazingoji sahihi. Kitu kimoja tu katika Kongo nzima lazima kipigwe muhuri na mtu mwenye cheo: chupa ndogo ambayo ingeweza kukurudisha kutoka saba. Wanasema wanapigania uhuru wetu, kila kundi na uhuru wake, na mpaka leo sijaona kundi lililopigania serumu. Niliondoka pale nikiwa tayari nimeandika kichwani ukurasa mzima. Ulikuwa ukurasa mzuri. Kamanda alikuwemo, arusi ilikuwemo, ndege zilikuwemo.

Mimi sikuwemo.

Na hapo ndipo aibu yangu ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza, maana ya kwanza niliifanya bila kujua itakuua. Tulikuzika, tukakaa matanga, na minong'ono ikaanza. Wake za ndugu zetu walikumbuka kijiko cha uji. Kidonge cheupe. Msichana wa Beni, wa nyumba ya Waislamu, mume hayupo. Siku tatu niliisikia ikinenepa, na siku tatu nilijua ukweli, na sikusema. Usiulize nilikuwa nikifanya nini. Nilikuwa naandika karatasi dhidi ya uvumi! Niliandika kwamba wivu na ujinga ndivyo vinavyoua nchi. Niliandika mbili, na zote mbili zilikuwa za kweli tupu, na zote mbili zilikuwa njia ya kuzunguka neno moja. Nilizichana.

Siku ya kuvunja matanga, kaka yetu Mumbere alikaa kwenye kiti cha mkubwa wa jamaa, mkononi ana fishi yako, ile karatasi ya hospitali. Zaina walimkalisha katikati, kwenye kigoda, peke yake.

Mumbere akasoma. "Tansiyo kumi na mbili kwa saba. Na hapa banaandika: hana ugonjwa ya tansiyo. Sasa mutuelezee. Mutu mwenye tansiyo muzuri vile anakufaje, na kisu haijamugusa? Na kile kidonge kilikuwa ya nini?"

Mke wake akadakia: "Nilimuona na macho yangu. Alikiweka ku kijiko, akakifunika na uji. Kufunika njo kazi ya karuho." Karuho, yaya. Neno lile la sumu ya polepole ambalo likimwangukia mwanamke hapa kwetu, hakuna maji ya kumsafisha. Mwingine nyuma akasema: "Bale ba Beni, hamubajue?" Na watu wakacheka kile kicheko kibaya cha pua.

"Ilikuwa dawa yake," alisema Zaina.

"Dawa ya nini?"

Akaniangalia mara moja, halafu akaangalia mikono yake. Alikuwa amekuapia, kama mimi. Wanamwita mchawi, naye anakutunzia siri yako ya tansiyo! Ulikuwa umekufa na bado alikuwa anakulinda usichekwe Kipese. Na msomi wa jamaa, mwenye mudomo, amekaa karibu na mlango, mdomo umekauka.

Nikasimama. Walidhani nitahutubia, nikaona wengine wakijiweka vizuri kwenye mabenchi.

"Kidonge ni changu," nikasema. "Nilikinunua mimi. Nilimuamuru mimi. Masika alikuwa na tansiyo ya kumi na nane, miaka miwili sasa. Hospitali waliniuliza, nikawadanganya. Hiyo mnayosoma mu fishi ni mudomo yangu."

Mumbere aliweka fishi chini. "Kambale. Kule ulisema hana. Leo unasema alikuwa nayo. Tukuamini siku gani?"

"Leo."

"Sababu gani leo?"

"Sababu uongo wa leo ungenifaa, na siusemi."

Niliwaeleza yote, kopo na beseni, mishipa inayobana na mishipa inayolegea, mpaka yule muuguzi angenionea fahari. Sijui walielewa kiasi gani. Ila mke wa Mumbere alishika kichwa, akasema: "Nami mama yangu nilisema hana," na nikajua tuko wengi katika mtaa ule.

Kisha Zaina akainua uso. Ulipaswa kumsikia. "Mujomba, mi nilikuwa pale. Nilisikia ukisema hana. Nilikuwa na beseni mu mukono na jibu mu kinywa. Lakini bibi wa mutoto hakatake neno ya mujomba ya bwana yake. Balinifundisha heshima. Basi heshima imeua mama."

Tunawafundisha wake wa watoto wetu kuinamisha macho, tunaita hayo malezi, na tunashangaa maiti zinatoka wapi.

Mumbere alitoa hukumu yake. Zaina hana neno. Na mimi: "Kuanzia leo, mugonjwa wa jamaa hii akienda hospitali, Kambale atabeba beseni. Hatasema." Najua ungecheka mpaka ukashika mbavu. Cheka, yaya. Nimeikubali.

Zaina hakutaka kubaki. Alisema atamngojea mume wake kwa baba yake. Na kwa kuwa jina lake lilichafuliwa kwa vinywa, lilipaswa kurudishwa kwa vinywa, kwa hiyo Mumbere na mimi tulipanda lori naye mpaka Beni. Baba yake, mzee wa malori, alitupokea uani kwake, kwenye barabara ya Mavivi, ndege zikipita juu ya vichwa vyetu. Aliita majirani. Alimfanya Mumbere aseme mara tatu: binti huyu hana sumu, hana kosa, tumemrudisha mzima na jina lake.

Kisha akanigeukia. "We njo Mwalimu unaandikaka makaratasi?"

Nikasema ndiyo. Nikaanza kumweleza habari ya sanduku la dawa, depo, kamanda, arusi. Aliinua mkono.

"Ile tunaijua, tunaishi karibu nayo. Uiandike, ni kweli. Lakini uanze na jina yako. Bale ba bunduki baje nyuma."

Yaya, nimeiandika. Ilinichukua wiki moja, mimi ninayemaliza karatasi kabla chai haijapoa. Mstari wa kwanza unasema: Mimi, Kambale wa Vulamba, nilimdanganya muuguzi, na dada yangu Masika, mwenye tansiyo ya kumi na nane, akafa na kumi na mbili. Kisha karatasi inasimulia jirani na baba yake, inasimulia woga wetu, inasema: taja tansiyo ya mgonjwa wako, taja vidonge vyake, na kama ana pumzi ya kusema, mwache aseme mwenyewe. Ndipo inakuja Mavivi, na hapo sikumhurumia mtu. Nimevunja kiapo chako, Kipese nzima itajua. Kasirika nami. Una haki.

Karatasi ya kwanza nimeibandika kwenye geti la hospitali. Muuguzi alitoka, akaisoma yote amesimama, akachukua kalamu mfukoni, akaongeza chini kwa mkono wake: na mimi nilipaswa kumuuliza mgonjwa. Akaandika jina lake.

Lala, yaya. Njia ya Kipese ikifunguka nitakupeleka juu, hiyo ni ahadi. Na ahadi nyingine ni hii: kila Jumapili, baada ya misa, nitasimama kwenye geti lile na kusoma mstari wa kwanza kwa sauti, jina langu likiwa mbele, mpaka asiwepo mtu wa Butembo anayemfunga mgonjwa wake kinywa.

Mdogo wako,
Kambale